Umeme wa Muziki Ndani ya Matatu: Kwa Nini Kazi Huanza na Alteneta

Muziki mzito unaosikika ndani ya matatu za Nairobi hutegemea umeme kabla ya kutegemea spika, kwa kuwa amplifaya, yaani kifaa kinachokuza mawimbi dhaifu ya sauti kutoka redioni hadi yaweze kuisukuma spika, haizalishi nguvu yoyote bali hutumia ile iliyopewa. Mfumo wa umeme wa gari hupimwa kiwandani kwa mahitaji ya injini, taa, feni, wipa na redio ndogo, na anayeongeza amplifaya kubwa bila kuugusa mfumo huo huutwika mzigo ambao haukuundwa kuubeba.

Hatua ya kwanza, basi, ni hesabu. Nguvu ya umeme hupimwa kwa wati, nazo hupatikana kwa kuzidisha volti, yaani msukumo wa umeme, kwa ampea, yaani wingi wa mkondo unaopita. Amplifaya ya daraja la D, ambayo hupoteza takriban asilimia 20 tu ya nguvu yake kwa joto, huhitaji kuingiziwa wati 1,250 ili itoe wati 1,000, na kwa kuwa mfumo wa gari dogo huwa na volti 14 hivi injini inapowaka, mkondo unaohitajika hufikia karibu ampea 90. Amplifaya ya daraja la AB, ambayo huweza kupoteza karibu nusu ya nguvu yake, hukaribia ampea 140 kwa sauti ileile. Ni kweli kwamba wimbo hauvuti kiasi hicho kila wakati, bali mkondo hupanda besi inapopiga na kushuka inapotulia, lakini mfumo usioweza kuhimili vilele hivyo hujulikana mara moja, kwani taa za mbele hufifia kwa kufuata mdundo.

Mkondo huo huzalishwa na alteneta, mashine inayozungushwa na mkanda wa injini. Wengi hudhani kwamba dawa ya upungufu ni betri kubwa zaidi, ilhali betri ni kama tangi la maji na alteneta ndiyo pampu, na tangi lolote linalotolewa maji kwa kasi kuliko linavyojazwa litakauka tu, hata liwe kubwa namna gani. Alteneta ya ampea 70, ambayo tayari hulisha taa, feni na injini kwa ampea 30 hivi, hubakiwa na 40 za muziki, tena hiyo ni pale injini inapozunguka kwa kasi. Injini inaponguruma polepole gari likiwa limesimama, alteneta nyingi hutoa nusu ya uwezo wake au pungufu. Hapo ndipo ugumu wa matatu ulipo, kwa sababu muziki hufunguliwa zaidi kituoni wakati wa kuita abiria, saa ileile ambayo umeme unaozalishwa ni haba.

Baada ya alteneta hufuata nyaya. Kila waya una ukinzani, yaani hali ya kuuzuia mkondo kwa kiasi fulani, na ukinzani huo huongezeka waya unapokuwa mrefu au mwembamba. Waya wa shaba wa mita 5 wenye unene wa milimita mraba 4, ukipitisha ampea 90, hupoteza karibu volti 1.9 na hugeuza zaidi ya wati 170 kuwa joto, ilhali wenye milimita mraba 50 hupoteza kama volti 0.15 tu. Nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba juu huuzwa kwa bei nafuu, lakini ukinzani wake ni mkubwa zaidi, hivyo huhitaji unene wa ziada.

Unene huo ni bure iwapo njia ya mkondo kurudi, ambayo hupitia bodi ya gari, ni dhaifu. Injini hukaa juu ya mipira inayopunguza mtikisiko, na mipira haipitishi umeme, kwa hiyo fundi makini huimarisha njia tatu: kutoka alteneta hadi chanya ya betri, kutoka hasi ya betri hadi bodi, na kutoka injini hadi bodi. Pale waya unapofungwa kwenye bodi, rangi hukwanguliwa hadi chuma kionekane, boliti hukazwa, kisha grisi hupakwa kuzuia kutu.

Fyuzi hulinda waya kuliko inavyolinda amplifaya, hivyo huchaguliwa kwa uwezo wa waya na kufungwa karibu na betri, isizidi sentimita 45 hivi. Barabara mbovu hulisugua ganda la waya dhidi ya chuma, na waya usio na fyuzi ukigusa bodi huweza kuliteketeza gari zima pamoja na waliomo.

Kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme kidogo na kuutoa upesi, husifiwa kuliko inavyostahili. Yenye ukubwa wa faradi 1 ikishuka kutoka volti 14.4 hadi 12 hutoa takriban jouli 32 za nishati, ambazo kwa mzigo wa wati 1,250 huisha ndani ya sehemu moja ya arubaini ya sekunde.

Matatu kubwa zilizojengwa juu ya chesisi za lori huwa na volti 24 kutoka kwa betri mbili zilizounganishwa mfululizo. Kuchukua volti 12 za amplifaya kwenye betri moja huifanya hiyo ipungukiwe chaji na mwenzake ichajiwe kupita kiasi, hadi zote mbili ziharibike. Njia sahihi ni kutumia kigeuzi kinachoshusha volti 24 hadi 12.

Uamuzi wa mwisho kuhusu sehemu ya kuimarisha haufai kuachiwa kubahatisha, kwa kuwa mita ya umeme hujibu kwa dakika chache. Katika gari la volti 12, muziki ukiwa juu na injini ikiwaka, volti hupimwa kwenye betri, kisha kwenye amplifaya. Tofauti ikizidi nusu volti, nyaya au viungo ndivyo vyenye kasoro. Zote mbili zikishuka chini ya 12.6 na kubaki hapo, alteneta imezidiwa na betri inaliwa. Amplifaya iliyopungukiwa volti hukata vilele vya mawimbi ya sauti, na mwenye gari akizidi kuongeza sauti ili kufidia, koili za spika huungua. Kwa hiyo fedha inayotumika kuimarisha alteneta, nyaya na fyuzi huokoa spika, betri na, zaidi ya yote, maisha ya abiria.