Dawa ya Usingizi Isiyoleta Usingizi: Ulinganisho wa Dawa za Kutuliza Tumbili

Aghalabu gazeti linaporipoti kwamba mnyamapori ametibiwa, msomaji huelezwa kuwa mnyama huyo alidungwa "dawa ya usingizi". Istilahi hii imezoeleka mno hata hakuna anayeihoji. Makala haya yanadai kwamba katika tiba ya tumbili na jamaa zake, neno usingizi linaficha tofauti ambazo uhai wa mgonjwa unazitegemea. Ni suala la madaktari wa wanyama, naam, lakini ni letu pia sisi tunaojishughulisha na lugha.

Tumbili hashikwi kama mbuzi. Ana chonge kali, ana nguvu kuliko umbo lake, na hofu yenyewe yaweza kumdhuru. Huko Diani, katika Kaunti ya Kwale, shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, huwashughulikia mbega, kima, tumbili na nyani waliogongwa na magari au kupigwa na umeme kwenye nyaya. Kabla ya jeraha kutazamwa sharti mgonjwa atulizwe. Kwa dawa ipi?

Kongwe miongoni mwa zinazotegemewa ni ketamini, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1962 na kuidhinishwa huko kwa binadamu mwaka 1970. Hudungwa msulini na kufanya kazi baada ya dakika 3 hadi 5. Kipimo cha kawaida ikitumiwa peke yake ni takriban miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito. Kwa hiyo tumbili wa kilo 5 hupewa miligramu 50, ambazo katika dawa yenye miligramu 100 kwa mililita ni nusu mililita tu. Kosa dogo la kukadiria uzito, basi, si dogo kwa mwili kama huo.

Lakini aliyedungwa ketamini halali. Macho yake hubaki wazi, hata hulazimu yapakwe malhamu yasikauke. Viungo hukakamaa, mate humtoka, na moyo huendelea kupiga kwa nguvu. Kilichotokea ni kwamba fahamu imetengwa na mwili. Mwandishi wa makala haya angeiita hali hiyo bumbuwazi. Mhudumu aliyefundishwa kwamba dawa hii ni ya usingizi atangoja macho yafumbe. Yasipofumba, atashawishika kuongeza sindano ya pili. Hapo ndipo istilahi inapoweza kuua.

Sifa kuu ya ketamini ni kwamba haidhoofishi sana moyo wala pumzi. Dosari yake ni ule ukakamavu wa misuli, na kwamba haina dawa ya kuitangua: ikishaingia, ni kungoja mwili uimalize.

Medetomidini ni kinyume chake takriban kwa kila jambo. Hii hutuliza, hulegeza misuli na kupunguza maumivu, na ikichanganywa na ketamini, kipimo cha ketamini hupunguzwa sana. Hata hivyo hupunguza kasi ya mapigo ya moyo na kuzorotesha pumzi, kwa hiyo si ya kukimbiliwa kwa mbega aliyepoteza damu nyingi. Tena ikitumiwa peke yake, mnyama anayeonekana ametulia tuli anaweza kugutuka ghafla na kuuma. Uzuri wake ni kuwa athari yake hutanguliwa na atipamezoli. Lakini ukimpa mapema, kabla ketamini haijapungua, utabaki na mnyama aliyekakamaa na kufurukuta. Na nafuu ya maumivu nayo itakuwa imeondoka.

Ipo pia tiletamini iliyochanganywa na zolazepamu. Huja kama unga, na kwa kuwa huyeyushwa katika maji kidogo, kipimo kizima huenea katika mshale mdogo. Wanaolenga nyani kwa mbali huipenda. Ila kupata fahamu huchukua muda mrefu, pengine saa kadhaa, na kwa mama mwenye kitoto kifuani, au dume anayengojwa na kundi lake, saa hizo ni ghali. Midazolamu, kwa upande wake, ni msaidizi tu: hulainisha ukakamavu wa ketamini.

Je, Kiswahili kimepungukiwa? La. Kutuliza, kulegeza, kutia ganzi, bumbuwazi na nusukaputi ni maneno tuliyo nayo, kila moja na mpaka wake. Ganzi huondoa hisia mahali pamoja na kuacha fahamu. Nusukaputi huondoa fahamu yenyewe. Hata atipamezoli ina jina linaloingoja. Aliyezimia akirudiwa na fahamu tunasema amezinduka, ingawa siku hizi uzinduzi tumeuachia vitabu na barabara. Atipamezoli ni dawa ya kuzindua, na kwenye lebo ya chupa maneno hayo matatu yangetosha.