Tusiuze Ngitili ya Baba

Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka kijijini kwetu, Shinyanga. "Kaka, amepatikana mtu anataka kununua ngitili ya baba alime pamba. Wenzako wote wamekubali, umebaki wewe."

Kwa wasiotoka Usukumani: ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, nyasi zikue. Hufunguliwa kiangazi, kama Julai au Agosti, wakati kwingine kumebaki vumbi tupu. Hakuna seng'enge. Kuna sheria za kijiji, na anayezivunja hutozwa faini.

Baba alianza kulifunga eneo lile nikiwa darasa la tatu. Wakati huo nchi yetu ilikuwa kipara. Tangu enzi za ukoloni miti ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, yakafuata mashamba ya pamba, na mifugo ikazidi. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Mwanzoni mkazo ulikuwa kwenye miche ya vitaluni; baadaye ikaonekana kwamba wenyeji wana dawa yao. Ardhi ikipumzishwa, visiki vya migunga huchipua vyenyewe na mbegu zilizolala udongoni huota. Ngitili zilizokuwa takriban hekta 600 mwaka 1986 zilizidi hekta 300,000 mradi ulipokwisha mwaka 2004.

Huku ughaibuni kila siku tunasikia habari za kaboni. Nyasi na miti huvuta hewa ya ukaa, na sehemu ya kaboni hiyo hushuka kwenye mizizi na kukaa udongoni. Ukilima, nyingine inarudi hewani. Nikamweleza mdogo wangu hivyo.

"Kuna hela hapo?" akauliza.

Nikamwambia ukweli: kaboni hupimwa kwa miaka, na eneo la familia moja halitoshi hata kulipia wapimaji. Ndiyo maana vijiji huungana.

Akacheka. "Basi kaka, ng'ombe hawali kaboni."

"Hawali. Na mwezi wa tisa watakula nini?"

Alinyamaza kidogo, kisha akasema lililokuwa moyoni. Binti yake amechaguliwa kuingia kidato cha tano, na hana fedha za kumpeleka. Niliona aibu. Nilikuwa naitetea miti nikiwa mbali, na gharama ya kuitunza nimemwachia yeye.

Tukakubaliana ndugu wote. Mahitaji ya shule ya binti nitayabeba mimi kwa miaka miwili. Ngitili haiuzwi, na nyasi za kuezekea zitakazobaki zitauzwa, fedha zibaki kwake anayelinda.

Ndugu msomaji, kama una ardhi nyumbani, simu ya namna hii itakufikia siku moja. Kabla hujajibu "uzeni" au "msiuze", uliza kwanza aliyebaki kule ana shida gani.