Joto la mwezi wa kumi: tulinde watoto chini ya mabati



Hapa Lubumbashi mwezi wa 10 unachoma kupita yote, mbele ya mvua kuanza. Kutoka saa sita mpaka saa tisa, nyumba ya mabati inakuwa tanuru. Tusilaze watoto ndani saa hizo. Tutandike mkeka chini ya mwembe, na mbabula ikae inje, mbali nao. Asubuhi mapema tufungue madirisha. Jua likipanda, tushushe pazia upande linakopiga. Jioni tufungue tena.

Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi maji: tumnyonyeshe mara nyingi zaidi, na tusimfunge kikwembe kizito. Wakubwa wanywe maji safi hata kama hawaombi. Wazee pia, maana wengi wao kiu inachelewa kuwashika.

Lakini tuwe macho. Mara nyingi tunasema "ni jua tu", kumbe ni malaria. Mtoto akiwa moto, tumpeleke kivulini, tumpanguse na kitambaa cha maji, tumnywishe. Mwili ukibaki moto, ao ukipoa kisha ukawaka tena, twende kituo cha afya siku ileile apimwe damu. Akipata degedege, akilegea, akikataa kunyonya ao akisema ovyo, tusingoje hata kidogo. Njiani tuendelee kumpoza.

Na mtoto wa jirani ambaye mama yake yuko sokoni, tumwite naye kivulini.