Kabla hujasimika hema Ghuba ya Chole, utazame mwezi

Tuseme umepanga kwenda Mafia kupiga kambi wikendi ya mwezi mpevu. Unafika Utende saa nne asubuhi, maji yamekupwa, mchanga umetandaa na madau yamelala ubavu. Unaona sehemu nzuri, tambarare na kavu, unaanza kutoa hema kwenye begi. Ngoja kwanza! Ikifika saa kumi alasiri, hapo ni bahari. Saa kumi usiku maji yatarudi tena, na safari hiyo utakuwa umelala.

Kwa nini? Mwezi huvuta maji ya bahari, na jua nalo huvuta kwa karibu nusu ya nguvu ya mwezi. Mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, viwili hivi hukaa kwenye mstari mmoja na dunia, nguvu zao zinajumlishwa. Hayo ndiyo maji ya bamvua, na kilele chake huja siku moja au mbili baadaye. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta upande wake na mwezi upande wake, tunapata maji mafu. Huku kwetu pwani, tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua huzidi mita 3. Wakati wa maji mafu ni kama mita 1 tu.

Sasa hapa ndipo wageni wengi wanaponaswa. Ukifika siku za maji mafu, utaona mstari wa mwani ulioachwa na maji ya jana, utasema, "Aa, bahari inaishia hapa." Kumbe kila siku inayofuata maji yatapanda juu zaidi, kwa takriban wiki nzima. Mjao wa bamvua unaweza kuupita ule wa maji mafu kwa karibu mita 1. Ni kidogo? Piga hesabu: kama ufukwe unapanda sentimita 5 kwa kila mita 1 unayotembea, mita 1 ya kwenda juu ni mita 20 za mchanga. Hema lako limo humo humo.

Kwa hiyo usitafute mwani mbichi. Tafuta mstari wa juu kabisa: mwani mkavu uliokatika-katika, vijiti, vifuu vya nazi. Halafu nenda juu yake. Mwezi wa tatu na wa tisa ongeza nafasi, maana bamvua za miezi hiyo huwa kubwa kuliko za kawaida.

Lakini kuna mwenzako anayetafuta eneo hilo hilo. Kwenye fukwe za Juani zinazotazama bahari kuu, kasa hupanda usiku kutaga mayai, naye hutaka mchanga ambao maji hayaufikii. Mayai hukaa chini kwa karibu miezi miwili. Kigingi cha hema kinaweza kuyatoboa, na mwanga wa taa unaweza kumrudisha mama baharini au kuwapoteza watoto wanaotafuta maji. Yaani pale unapokuwa salama wewe, ndipo unapoweza kumharibia yeye.

Suluhisho ni rahisi. Ghuba yote imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Pita ofisi yao Utende, uliza wapi kambi inaruhusiwa. Kaa nyuma ya mchanga, kwenye ardhi yenye miti, na usiku zima taa zinazoelekea baharini.

Na ukitaka kuogelea karibu na mlango wa Kinasi, waulize wavuvi kwanza maji yanaingia au yanatoka. Maji mengi ya ghuba hupita pale, na yanapotoka yanakupeleka bahari kuu. Kwa wavuvi hao, kusoma mwezi ni kazi ya kila siku. Wewe anza na kalenda tu: leo mwezi una siku ngapi?