Ubani wa Dhofar katika mchezo wa Krismasi

Greccio, kijiji cha mlimani Italia, kila Krismasi wanakijiji wenyewe huigiza kuzaliwa kwa Nabii Isa. Aliyeanzisha ni Fransisko wa Assisi, mwaka 1223. Aliweka hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda, na watu wakaja usiku na mienge. Bibi Mariamu wa kuigiza hakuwepo.

Sie tuliosoma shule za misheni mchezo huu twaujua. Mimi Mwislamu nilipewa kuwa mmoja wa mamajusi, nimejitanda shuka la bweni, nimebeba kopo la ubani. Baba aliposikia alicheka tu.

Sasa ubani huo, ambao Biblia ya Kiswahili inauita uvumba, ni wa huku kwetu. Dhofar wanachanja gome la mti, utomvu unatoka, unaachwa ukauke, ndipo unakwanguliwa. Mti ukichanjwa kupita kiasi unadhoofika. Bonde la Wadi Dawkah, kaskazini ya Salalah, limo katika orodha ya UNESCO tangu 2000 kwa ajili ya miti hiyo.

Na sisi wa Maskati? Salalah twaenda wakati wa kharifu, tunapiga picha za ukungu, tunanunua hojari sokoni, tunarudi. Wajukuu wanaujua moshi wake, mti hawajauona.