Mama mfanyabiashara, anza kupanga siku kwa mtoto

Mama mmoja wa umri wa miaka 29 aliingia katika kliniki yangu akitetemeka kwa homa. Titi lake la kushoto lilikuwa limevimba, jekundu na lenye joto. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto wa miezi mitatu.

Mama huyu hupika mandazi na chapati nyumbani na kuuzia vibanda vya chai na majirani. Aliniambia kwamba huamka saa kumi alfajiri kukanda unga, na humaliza kazi saa tatu asubuhi. Mtoto akilia katikati ya kazi, dada yake aliye Gredi ya 4 humpa uji mwepesi, kisha hukimbia shuleni akiwa amechelewa.

Nilimwambia apumzike. Alinitazama na kuuliza, "Daktari, nisipopika, watoto watakula nini?"

Swali hilo lilinifunga mdomo. Ushauri wa kupumzika hauna maana kwa mtu ambaye kodi ya nyumba inatoka kwenye karai la mafuta. Baada ya kumpa dawa, tulichukua karatasi tukaandika siku yake saa kwa saa. Haya tuliyoyapanga yanaweza kumsaidia mama yeyote anayefanya biashara nyumbani, awe mpishi, mshonaji au msusi.

Ratiba ya kunyonyesha

Maziwa yakikaa kwa saa nyingi bila kutoka, titi hujaa, huvimba na linaweza kuingiwa na maambukizi. Ugonjwa huu usipotibiwa unaweza kuleta jipu. Mama aendelee kunyonyesha hata titi linalouma, kwani maziwa hayo hayamdhuru mtoto. Kitambaa cha maji baridi hupunguza uvimbe. Akipata homa, au hali isipokuwa nafuu kwa siku moja, aende hospitalini bila kuchelewa.

Kwa hivyo tuliandika saa za kunyonyesha kwanza, kisha tukapanga kazi katikati yake. Ananyonyesha kabla ya kuwasha jiko, kisha anaacha kazi na kunyonyesha tena mandazi ya kwanza yakishachukuliwa. Mtoto akionyesha njaa kabla ya saa hizo, anyonyeshwe. Ratiba ni ya kumkumbusha mama, si ya kumnyima mtoto.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, bila uji wala maji. Mama anayepeleka bidhaa kwa wateja anaweza kukamua maziwa. Anawe mikono kwa sabuni, akamulie kwenye kikombe safi chenye kifuniko na kukiweka mahali pa baridi, mbali na jiko. Katika chumba kisicho na joto jingi maziwa hukaa saa 4, na ndani ya friji hukaa hadi siku 4. Mtoto anyweshwe kwa kikombe, si chupa, kwa sababu chupa ni ngumu kusafisha. Anayemnywesha awe mtu mzima.

Kazi ya asubuhi ifanywe jioni

Mama huyu sasa hupima unga, sukari na iliki jioni, huteka maji na kupanga makaa. Siku za baridi hukanda kabisa usiku na kutia hamira kidogo, ili unga uumuke polepole hadi alfajiri. Anaamka saa kumi na moja badala ya saa kumi.

Chakula cha nyumbani nacho kina njia yake. Mahindi na maharagwe ya githeri yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha pika. Yataiva upesi na kuokoa makaa. Wenye kapu la kuhifadhi joto wanaweza kuhamishia sufuria humo, lakini maharagwe yachemke sana kwanza kwa dakika 10 au zaidi, kwa sababu yasipochemka vizuri huumiza tumbo na kuleta kutapika.

Daftari la oda pia lina kazi mbili. Upande mmoja andika oda, upande wa pili andika tarehe za kliniki: chanjo za wiki 6, 10 na 14, na ya surua katika miezi 9. Oda ifungwe saa moja jioni. Mteja anayepiga simu saa nne usiku aambiwe kwa upole kwamba atahudumiwa keshokutwa.

Jiko na mtoto

Usiwashe jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha. Makaa hutoa gesi isiyo na harufu inayoweza kuua walio ndani wakiwa usingizini. Ukiumwa na kichwa na kusikia kizunguzungu jiko likiwaka, toka nje na mtoto mara moja.

Usipike kwa mafuta ya moto ukiwa umembeba mtoto. Mtoto akiungua, mwagia maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga wala mayai. Kisha mkimbize hospitalini.

Saa iliyookolewa ni ya nani?

Wiki tatu baadaye mama huyu alirudi akiwa mzima. Mtoto ameacha uji, na binti hachelewi tena shuleni. Alikuwa na furaha, akanieleza kwamba kwa kuwa sasa anapata saa moja zaidi, ataongeza kilo mbili za unga.

Nilimwomba asubiri. Saa hiyo ilitoka katika usingizi wake, na inapaswa kurudi huko. Mama asiyelala huchoka, hukasirika ovyo na huungua kwa urahisi. Na mama ambaye kwa wiki mbili huona huzuni, hulia bila sababu au hapati hamu ya kumshika mtoto wake, amwone daktari. Huo ni ugonjwa, na unatibika.

Tulikubaliana kwamba ataongeza unga mtoto akitimiza miezi 6. Biashara itamngoja, lakini miezi hii ya mtoto haitarudi.