Sikio Linalotoa Usaha

Nyuma ya kiwambo cha sikio, ambacho ni utando mwembamba wenye kipenyo cha takribani sentimita 1, upo uwazi mdogo wa hewa uitwao sikio la kati, na ndani yake mna mifupa mitatu, yaani nyundo, fuawe na kikuku, inayopokezana mtikisiko wa sauti kutoka kwenye kiwambo hadi sikio la ndani. Hewa ya uwazi huo hupitia mrija unaotokea nyuma ya pua, na mrija huo ndio unaoeleza kwa nini maradhi haya huwaandama zaidi watoto wadogo: kwao ni mfupi tena umelala, hivyo mafua yanapouvimbisha na kuuziba, ute hutuama katika sikio la kati na vijidudu vilivyopanda kutoka kooni huzaliana humo.

Mtoto mchanga, kwa kuwa hawezi kusema anaumwa wapi, hupata homa, hukataa kunyonya, hulia usiku hasa anapolazwa, na huvutavuta sikio. Kisha hutulia ghafla, na kunapokucha mto huonekana una doa la usaha, pengine lenye damu kidogo. Utulivu huo huwahadaa wazazi wengi, kwani maumivu hayakuondoka kwa sababu ya kupona, bali kiwambo kimepasuka na shinikizo limepungua. Katika hatua hii tiba si ngumu: parasetamoli ya kutuliza maumivu, na antibiotiki, kwa kawaida amoksilini, ambayo sharti inywewe hadi dozi iishe. Mara nyingi tundu la kiwambo huziba lenyewe.

Usaha ukitoka kwa siku 14 au zaidi, miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu matibabu ya watoto huuhesabu ugonjwa huo kuwa sugu. Sikio lililofikia hapo kwa kawaida haliumi. Huvuja, hunuka na hupunguza usikivu, hata mwanafunzi akaambiwa ni mkaidi kumbe hakusikia alichotumwa. Hapa ndipo methali ya sikio la kufa kutosikia dawa inapopata maana ambayo wahenga hawakuikusudia, kwa kuwa tone la dawa lililodondoshwa juu ya usaha huelea papo hapo lisifike panapougua. Kwa hiyo sikio hukaushwa kwanza: kipande safi cha kitambaa cha pamba husokotwa kama utambi wa taa, huingizwa taratibu, hutolewa kikisha kulowa na kubadilishwa hadi utambi utoke mkavu, ndipo yanapofuata matone ya siprofloksasini. Kazi hiyo hurudiwa mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, na pengine huhitaji subira ya mlezi kuliko inavyohitaji dawa. Mafuta ya moto, maziwa ya mama na njiti za kiberiti havina nafasi katika tiba hii.

Wapo wagonjwa ambao ngozi huota ndani ya sikio la kati, mahali pasipo pake, ikajikusanya na kula mfupa polepole. Hao hawaponi kwa matone, bali kwa upasuaji. Uvimbe unaouma nyuma ya sikio, uso kupinda upande mmoja, kizunguzungu au shingo kukakamaa ni dalili za kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu usaha unaweza kupenya hadi kwenye ubongo. Mwandishi Oscar Wilde alifariki Paris mwaka 1900 kwa homa ya uti wa mgongo, ambayo wengi huihusisha na sikio lake lililougua, ingawa baba yake, William Wilde, alikuwa daktari mpasuaji mashuhuri wa masikio mjini Dublin.

Tundu lisiloziba lenyewe huzibwa na daktari wa masikio, pua na koo kwa kiraka cha utando unaofunika msuli wa juu ya sikio la mgonjwa mwenyewe. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo mgonjwa hukatazwa kuogelea na kupenga kamasi kwa nguvu, na huagizwa apige chafya akiwa ameachama, ili upepo upitao katika ule mrija usikibandue kiraka kabla hakijashika.